Mtoto anaota meno: maswali ya akina mama wa Lamu yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila wiki kwenye kliniki ya mama na mtoto, awe muulizaji ametoka Langoni, Mkomani, Shela au ng'ambo ya Faza na Kizingitini. Mengine huulizwa na mama, mengine na bibi aliyempakata mtoto, na mara nyingi wawili hao hawakubaliani. Tumejibu kwa urefu pale ambapo kosa dogo humdhuru mtoto. Pasipo na la kuhangaikia tumepita haraka.

Meno huanza lini, na yapi hutangulia?

Watoto wengi huota jino la kwanza karibu na miezi 6, ila wa miezi 4 na wa mwaka mzima wote wamo katika kawaida. Kwa kawaida hutangulia mawili ya mbele chini, kati ya miezi 6 na 10. Hufuata mawili ya mbele juu (miezi 8 hadi 12), kisha yaliyo ubavuni mwao. Baada ya hapo huja jambo linalobabaisha wengi: meno manane ya mbele yakishatimia, yanayofuata si chonge bali magego ya kwanza, miezi 13 hadi 19, na pengo hubaki katikati. Mama huja akisema jino limeruka. Halikuruka. Chonge huja kujaza pengo hilo kati ya miezi 16 na 23, na magego ya nyuma humalizia miezi 23 hadi 33. Jumla ni meno 20, kumi juu na kumi chini.

Ana miezi 3 tu, udenda unamtiririka na anakula vidole. Ni meno?

Kwa umri huo huenda si meno. Kuanzia miezi 3 tezi za mate hufanya kazi zaidi, na mtoto bado hajajua kumeza mate yote. Mkono nao ndio kwanza ameugundua, basi hupelekwa kinywani kama kila kitu kingine. Hali hiyo yaweza kuendelea miezi mitatu au minne kabla jino halijaonekana. Ukianza kumpaka dawa za meno tangu hapo, utakuwa unatibu kitu ambacho hakijaja.

Basi nitajuaje kwamba kweli ni jino?

Angalia mwenyewe, usikisie. Nawa mikono kwa sabuni na ukate kucha. Keti karibu na dirisha au mlango wa uani penye mwanga, mlaze mtoto kichwa kikiwa mapajani mwako na miguu ikielekea mbele, na ufunue mdomo wa chini kwa kidole gumba. Kisha pitisha ncha ya kidole cha shahada juu ya ufizi, polepole, toka upande mmoja hadi mwingine. Ufizi usio na jino karibu huteleza na kubonyea sawasawa. Pale jino lilipokaribia utahisi ukingo mgumu, na ukitazama vizuri utaona ufizi umevimba kidogo na kupauka juu kabisa, kama kuna kitu cheupe chini ya ngozi. Likishatoboa, kijiko kikiligusa utasikia mlio mdogo.

Wakati mwingine juu ya jino linalokuja hutokea uvimbe wa rangi ya samawati au zambarau, kama damu iliyovilia. Unatisha kuutazama, lakini ni maji au damu kidogo iliyozunguka jino, na hupasuka wenyewe jino likitoka. Usiutumbue.

Usumbufu wa jino hukaa siku chache tu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2000 uliwafuatilia watoto siku kwa siku na kuona kwamba dalili zinazoambatana na jino hukusanyika katika siku 4 kabla halijatoboa, siku yenyewe, na siku 3 baadaye. Dalili zenyewe ni udenda, kutafunatafuna, kusugua ufizi, ukali, kuamkaamka usiku, kukataa chakula kigumu na joto kupanda kidogo. Kwa hiyo mtoto aliyekosa raha wiki tatu mfululizo, na ufizi wake ni laini, ana jambo lingine.

Vitu viwili hudhaniwa meno na si meno. Mtoto mchanga huweza kuwa na vijipunje vyeupe vigumu kwenye ufizi au juu ya kaakaa. Hutoweka vyenyewe baada ya wiki chache. Na utando mweupe kwenye ulimi na ndani ya mashavu, usiofutika kwa kitambaa, ni ukungu wa kinywa. Huo una dawa yake, na huenda chuchu za mama nazo zikahitaji kutibiwa.

Ana homa. Bibi yake anasema ni meno, tungoje. Tungoje?

Hapana. Kati ya maswali yote ya ukurasa huu, hili ndilo tungependa kila nyumba ilijue jibu lake.

Jino linaweza kupandisha joto kidogo, lakini halileti homa. Pima kwa kipimajoto cha tarakimu, si kwa kiganja: kausha kwapa, weka ncha katikati kabisa, bana mkono wa mtoto ubavuni mpaka kilie. Kwapani, 37.5 kwenda juu ni homa, na homa ina sababu yake hata kama siku hiyo hiyo jino limechomoza.

Mbona basi bibi ameona hivyo kwa watoto wote aliowalea? Kwa sababu aliyoyaona ni kweli; alichokosea ni kumtambua mkosaji. Kinga ambayo mtoto alipewa na mama tumboni hupungua katika miezi ile ile 6 meno yanapoanza. Ndipo pia anapoanza kulishwa, kutambaa, kuokota kila kilicho sakafuni na kukitia mdomoni. Mafua, masikio, kuharisha na malaria vyote vinamkuta hapo. Jino liko mahali pa tukio kila mara, basi likasingiziwa.

Kwetu pwani, homa ya mtoto ni malaria mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Kipimo cha haraka huchukua tone moja la damu na majibu hutoka baada ya dakika 15 hadi 20. Kikiwa safi, mhudumu atatazama masikio, kifua, koo na mkojo. Homa isiyo na dalili nyingine, hasa kwa mtoto wa kike, huweza kutokana na mkojo wenye maambukizi.

Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye homa aende siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo. Wa umri wowote apelekwe bila kungoja ikiwa hawezi kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea na haamki vizuri, amepata degedege, au anapumua haraka. Hesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia: 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi kwa aliyetimiza mwaka, ni hatari.

Walioko visiwani wana jambo la ziada la kuwaza, nalo ni maji. Ukitakiwa kutoka Siyu, Pate au Kizingitini kwenda Amu, chombo hupita mlango wa Mkanda, na maji yakipwa hapo hapapitiki kama kawaida. Mtoto aliyeanza kuchemka alasiri asingojwe hadi saa nne usiku ndipo mtu atafute nahodha. Mwahi mhudumu wa karibu mchana, apimwe, na mjue mapema bamvua na maji mafu yakoje siku hizo.

Na kuharisha je? Wote wangu waliharisha wakiota meno.

Udenda mwingi ukimezwa unaweza kulegeza choo kidogo. Choo cha majimaji mara 3 au zaidi kwa siku moja ni kuharisha, na kuharisha huletwa na vijidudu: kidole, kijiko, chupa, au kile alichookota sakafuni akakitafuna kwa sababu ufizi unamwasha. Jino lina mkono wake hapo, ila kwa njia ya uchafu.

Endelea kunyonyesha, tena mara nyingi zaidi. Mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, ya kuzuia kukauka mwili. Soma pakiti kabla hujachanganya, kwa kuwa zipo za nusu lita na za lita moja. Ya lita ukiichanganya katika nusu lita, chumvi huzidi na mtoto hudhurika. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, na chombo cha kupimia chenye alama. Kila baada ya choo mpe mililita 50 hadi 100, yaani robo hadi nusu kikombe, kwa kijiko, kidogo kidogo. Akitapika ngoja dakika 10, uanze tena taratibu. Mchanganyiko ukishapita saa 24 umwage.

Pamoja na hayo apewe zinki, siku 10 hadi 14 bila kukatiza hata choo kikigumu siku ya tatu: kidonge kimoja cha miligramu 20 kwa siku kwa aliyetimiza miezi 6, nusu kidonge kwa mdogo zaidi. Kidonge huyeyuka ndani ya kijiko cha maziwa yako. Wengi huacha mapema, ndiyo maana kuharisha hurudi.

Macho yakizama, utosi ukibonyea, ngozi ya tumbo ukiibana ikachelewa kurudi, choo kikiwa na damu, au mtoto akikataa kunywa, msikae nyumbani.

Amepata degedege na watu wanasema ni nyuni, au ni jino linatoka. Tufanye nini?

Jino halileti degedege. Mlaze ubavu sakafuni, ondoa kilicho karibu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimmwagie maji, usimpe cha kunywa. Tazama saa. Kisha apelekwe hospitali hata kama limekoma, kwa sababu malaria kali na homa ya uti wa mgongo huanza hivyo hivyo. Atakayetaka kumsomea na amsomee njiani.

Nimpe nini cha kumtuliza?

Anza na kidole chako. Kiwe safi, sugua ufizi kwa mviringo ukikandamiza kidogo, dakika moja au mbili, hasa kabla ya kunyonya. Mara ya kwanza atakunja uso, kisha utamwona ametulia na kukubania kidole.

Baridi nayo husaidia. Chukua kipande cha leso kuukuu cha pamba, kisicho na nyuzi zinazochomoka, ukichemshe na kukianika. Kikunje, lowesha ncha moja kwa maji yaliyochemshwa, ukiweke kwenye friji nusu saa ndani ya bakuli lenye kifuniko, umpe atafune ukiwa umeshika ncha kavu. Kama nyumba haina friji, au stima imepotea, mtungi wa udongo unatosha: maji yaliyochemshwa yakakaa mtungini usiku kucha kivulini penye upepo huwa baridi ya kutosha. Usitumie barafu wala kitu kilichoganda. Barafu huunguza ufizi laini, na kipande kikivunjika humkaba.

Kifaa cha kutafuna cha dukani kiwe cha mpira mzima. Vile vyenye maji ndani hupasuka, na hujui maji hayo yametoka wapi.

Kilichobaki ni bega lako. Mtoto wa namna hii hutulia akibebwa, na saa za jioni barazani penye upepo hupita haraka kuliko chumbani.

Naweza kumpa dawa ya maumivu?

Kwa usiku mmoja au mbili mbaya, parasetamoli ya maji yatosha. Kipimo hufuata uzito, wala si umri: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, isirudiwe kabla ya saa 4 hadi 6, na isizidi mara 4 kwa siku. Sirapu ya kawaida huwa na miligramu 120 katika kila mililita 5, na kwa hiyo mtoto wa kilo 6 hupata mililita 2.5 hadi 3.5, wa kilo 8 mililita 3.5 hadi 5, wa kilo 10 mililita 4.5 hadi 6. Uzito wake umo kwenye kijitabu cha kliniki. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya chai vya nyumbani havilingani.

Makosa ni mawili. La kwanza ni matone ya watoto wachanga, ambayo huwa makali zaidi kuliko sirapu: chupa ndogo, dawa nyingi. Ukiyapima kama sirapu, umezidisha. La pili ni kuchanganya sirapu ya mafua na parasetamoli bila kujua kwamba ya mafua nayo ina parasetamoli ndani. Kuzidisha huharibu ini.

Aliye chini ya miezi 3 asipewe bila kuonwa na mhudumu. Aspirini asipewe mtoto kabisa. Na ikiwa unahitaji dawa hii siku ya tatu mfululizo, hilo si jino tena.

Jeli, poda na dawa za maji za meno zinazouzwa kemisti?

Hatuzipendi, na tuna sababu. Jeli za kutia ganzi zenye benzokaini huweza kuifanya damu ishindwe kubeba hewa, mtoto akageuka rangi ya jivu midomoni na kwenye kucha. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilisema wazi mwaka 2018 kwamba walio chini ya miaka 2 wasipakwe. Yenye lidokaini imeonywa tangu 2014: ikimezwa nyingi huleta degedege na kuathiri moyo. Za salisileti, ambazo ni ndugu wa aspirini, Uingereza ilizikataza kwa walio chini ya miaka 16 mwaka 2009. Na hata zisingekuwa na hatari, udenda huzisafisha ndani ya dakika chache, mama akapaka tena na tena, na hapo ndipo kipimo huzidi.

Dawa ya maji isiyojulikana ilikotoka iache dukani. Nchini Nigeria, mwishoni mwa 2008 na mwanzoni mwa 2009, dawa ya maji ya meno iliyochanganyika na kemikali ya viwandani iliua watoto zaidi ya 80 kwa figo kushindwa kufanya kazi.

Za nyumbani je: asali, karafuu, chumvi, habasoda?

Asali hapana kabla ya mwaka mmoja, hata tone la kupaka ufizi, hata iwe ya Witu iliyorinwa jana. Huweza kubeba mbegu za bakteria ambazo tumbo la mkubwa huzishinda na la mtoto mchanga haliwezi. Sumu yake hulegeza misuli mpaka ya kupumua.

Mafuta ya karafuu humtuliza mtu mzima mwenye jino bovu, ndiyo maana hukimbiliwa. Kwa mtoto mchanga huunguza ufizi, na akimeza hata kijiko kidogo huweza kuumia ini na kupata degedege. Chupa ikae juu kabatini. Chumvi, magadi, limau na tangawizi hukwaruza ufizi uliokwisha kuvimba. Habasoda ni punje, na punje huenda njia ya hewa.

Mafuta safi ya nazi hayana neno, lakini yapake kidevuni kwa ajili ya vipele vya udenda. Futa udenda kwa kugusagusa kwa kitambaa kikavu, si kwa kusugua, kisha paka. Nyakati za kaskazi joto na jasho huzidisha vipele hivyo. Badilisha kitambaa cha kifuani kila kikilowa.

Wanasema ana meno ya plastiki yang'olewe. Ni nini hayo?

Hakuna ugonjwa unaoitwa hivyo. Ufizi wa mtoto wa miezi michache umebeba vichipukizi vya chonge, juu na chini, kushoto na kulia. Mahali hapo huvimba na kupauka kwa kawaida. Mtoto akiharisha au kuwa na homa, mtu anayejiita mtaalamu huonyesha uvimbe huo na kusema meno ya plastiki, wengine huyaita ya nailoni. Huchokoa kwa kisu, sindano au spoki ya baiskeli, na kinachotoka huwa cheupe na laini. Kinaonekana kama plastiki kwa sababu jino halijakomaa kuwa gumu. Alichokitoa ni chonge ya mtoto.

Hushawishi kwa sababu kuharisha kwingi hukoma kwenyewe ndani ya siku chache, na sifa huenda kwa aliyechokoa. Hasara huja baadaye: damu nyingi kwa mtoto asiye na damu ya kupoteza, usaha kwenye taya, pepopunda, virusi vya Ukimwi na vya ini kutoka chombo kisichochemshwa. Anayenusurika hukosa chonge za utotoni, na mara nyingi za ukubwani hutoka zimepinda, zina kasoro, au hazitoki.

Kama tayari limefanyika, usifiche kwa kuogopa kugombezwa. Bana kidonda kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuachia na uende hospitali. Waambie chombo kilichotumika na saa. Dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita huipunguzia nguvu. Nenda na kijitabu cha chanjo, wahudumu waone kinga ya pepopunda.

Ameanza ya juu. Mavyaa anasema ni kigego.

Neno hilo ni la zamani, na hofu yake ni ya zamani pia: mtoto aliyetangulia meno ya juu alidhaniwa mwenye nuksi, na zipo jamii za Afrika Mashariki zilizomtenga au kumtupa. Kinachotokea ni kwamba mpangilio wa meno hurithiwa kama umbo la pua. Watoto kadhaa huanza juu, wengine huanza na ya pembeni, wengine huota manne kwa wiki moja. Meno ya chini hufuata, na baada ya miezi michache hakuna atakayejua lipi lilitangulia.

Jino lisichokolewe wala lisisuguliwe kwa jiwe. Kama nyumbani maneno yamekuwa mazito, njoo na mavyaa mwenyewe kliniki. Huwa rahisi zaidi akiambiwa na muuguzi wa makamo yake kuliko na mkaza mwana.

Amezaliwa na jino.

Hutokea mara chache, takriban mtoto mmoja kati ya elfu mbili au tatu. Mara nyingi ni jino lake la utotoni lililowahi, na likikaa imara huachwa. Hung'olewa na daktari wa meno ikiwa linacheza kiasi cha kuweza kudondoka na kumkaba, au linamkata ulimi chini mpaka kidonda. Kabla ya kung'oa, daktari huhakikisha mtoto alidungwa vitamini K alipozaliwa, au husubiri apite siku 10, damu ipate kuganda sawasawa. Usilizungushie uzi.

Mkufu wa shanga au hirizi ya shingoni ya kuotesha meno?

Uzi wa shingoni hunyonga, na shanga ikikatika huingia kooni. Hayo hutokea mtoto akiwa amelala, bila kelele. Nyumba ikitaka hirizi iwepo, ishonwe kwenye mto wa mama au itundikwe ukutani asipofika. Mkufu wa kaharabu unaouzwa kwa wageni hauna dawa ndani.

Ananing'ata chuchu. Nimwachishe?

Usimwachishe. Mtoto anayenyonya kweli hawezi kuuma, kwa kuwa ulimi wake umefunika ufizi wa chini. Huuma mwanzoni akiwa hajashika vizuri, au mwishoni akiwa ameshiba na anacheza. Basi mtazame mwishoni: akiacha kumeza na taya zikianza kukazana, tia kidole kidogo pembeni mwa mdomo wake na umtoe. Akiuma, usivute, kuvuta ndiko kunakochana. Msogeze karibu zaidi na titi hadi pua iguse, atafungua mdomo mwenyewe ili apumue. Sema "hapana" kwa sauti ya kawaida na upumzike dakika moja. Ukipiga kelele wengine hucheka na kurudia, wengine huogopa wakagoma kunyonya siku mbili. Shubiri kwenye chuchu humwachisha kabisa, na hilo silo ulilotaka.

Amekataa kula.

Siku mbili tatu si neno, mradi ananyonya na kukojoa. Mpe vitu laini visivyo moto: ndizi iliyopondwa, viazi vitamu, papai, uji uliopoa. Tunaulizwa sana kuhusu kokwa la embe. Mtoto hulipenda na nyuzi zake hukuna ufizi vizuri, lakini likiteleza huziba koo lote, basi lishike wewe mwenyewe muda wote au usimpe. Mfupa wa kuku huvunjika. Karoti mbichi na muwa hukatika vipande. Kipande kikavu cha mkate wa mofa hulainika nje na kubaki kigumu ndani, kisha hukatika ghafla.

Akiwa na vidonda vingi mdomoni, ufizi mwekundu unaotoa damu na homa, hicho ni kirusi cha kinywa, apelekwe.

Mwaka umetimia, hana hata moja.

Uliza kwanza nyumba zote mbili: baba yake au mama yake alichelewa? Mtoto njiti naye huchelewa, hesabu toka tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Ikifika miezi 18 bila jino, aonwe na daktari wa meno. Aonwe mapema zaidi kama pia amechelewa kukaa na kusimama, ana matege, au hakui kwenye kadi.

Nianze lini kupiga mswaki?

Siku ile ile jino la kwanza linapotokeza. Mswaki wa mtoto wenye nywele laini, dawa yenye floraidi isiyopungua 1000 (imeandikwa kwenye tubu karibu na herufi ppm), kiasi cha punje moja ya mchele, mara 2 kwa siku, na ya usiku iwe kitu cha mwisho kabla ya kulala. Akitimiza miaka 3 ongeza hadi punje ya mbaazi. Mlaze mapajani vile vile ulivyomlaza ulipokuwa ukitafuta jino, inua mdomo wa juu, usugue pale jino linapokutana na ufizi.

Hapo ndipo pa kutazama kila Ijumaa akioga. Mstari mweupe kama chokaa kando ya ufizi ni mwanzo wa kuoza, na katika hatua hiyo jino bado huokoleka. Ukigeuka hudhurungi, umechelewa kidogo. Kinachouleta ni chupa ya chai ya maziwa yenye sukari, juisi au uji wa sukari anayolala nayo mdomoni. Chupa ya usiku iwe ya maji matupu, au isiwepo.